Jua Halina Bili, Lina Masharti: Mafunzo Niliyopata Kwenye Karakana ya Nishati

Nilisomea uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, na mengi ninayoyajua kuhusu nishati jadidifu niliyapata nje ya ukumbi wa mihadhara. Niliyapata karakanani, juu ya mapaa, kando ya mito na kwenye mazizi ya ng'ombe, multimita mkononi na daftari mfukoni. Baadaye nilishiriki kuwafundisha walionifuata, na kufundisha kukanionyesha mambo ambayo mwanafunzi hayaoni.

Tanzania haina upungufu wa jua. Vipimo vinavyotumiwa na wataalamu huonyesha kwamba sehemu nyingi za nchi hupata kati ya kilowati-saa 4 na 7 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tunachopungukiwa ni watu wanaojua kulipima jua hilo, kufunga mtambo unaolifaa na kuutunza miaka nenda miaka rudi. Watu hao hawapatikani kwa kusoma vitini peke yake. Haya ndiyo mafunzo niliyoyapata kwa mikono, nami nayaandika kwa ajili ya kijana anayeingia fani hii leo na kwa mwalimu atakayempokea.

1. Hesabu huanza na maisha ya watu

Mteja akiingia dukani husema, "Nataka sola ya wati mia." Sisi tulifundishwa kumuuliza kwanza: utawasha nini, kwa saa ngapi, na nani hukitumia? Zoezi letu la mwanzo halikuhusu paneli hata kidogo. Tulitumwa kukaa na familia na kujaza jedwali la matumizi.

Chukua nyumba ya kawaida ya kijijini. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa tano ni wati-saa 100. Redio ya wati 10 kwa saa sita ni 60. Runinga ya wati 40 kwa saa nne ni 160. Kuchaji simu tatu, kama 30. Jumla ni 350. Ongeza asilimia 30 kwa ajili ya umeme unaopotea kwenye betri, kontrola na nyaya, unapata kama 455. Ukigawa kwa saa tano za jua kali kwa siku, unahitaji paneli ya karibu wati 91. Kwa hiyo wati 100 zinatosha jua likiwa zuri, ila masika yakiingia zinazidiwa. Mwenye busara huchukua wati 150.

Lakini jedwali hilo linategemea uliyemuuliza. Katika nyumba moja, mzee alituambia kwamba taa ndani na redio vinatosha, akafunga mazungumzo. Mkewe, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akasema, "Na ya bandani je, wanangu? Kuku wanaibiwa usiku." Taa moja ya wati 5 ikiwaka tangu jioni hadi alfajiri, saa kumi na mbili, inakula wati-saa 60, sawasawa na ile redio. Bila mama yule kusema, mtambo ungefungwa mdogo, na wiki ya kwanza tu mtu angepanda kuunganisha taa ya banda bila kumwambia fundi. Tangu hapo, wanafunzi ninaowaongoza hawafungi daftari kabla hawajamsikiliza anayeamka wa kwanza na anayelala wa mwisho.

2. Joto na kivuli hupunguza kilichoandikwa nyuma ya paneli

Namba iliyobandikwa nyuma ya paneli imepimwa maabara: mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, na seli zikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Juu ya paa la bati Dar es Salaam, saa saba mchana, seli hizo huweza kupita nyuzi 60. Paneli nyingi za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Nyuzi 35 zilizozidi ni asilimia 14. Paneli ya wati 100 imebaki na 86, na hapo hatujagusa vumbi.

Jambo hili ukilisoma unalikubali, ukilipima unalielewa. Tulichukua paneli mbili za aina moja, moja tukailaza juu ya bati, nyingine tukaiinua kwenye fremu ili upepo upite chini yake. Tukapima joto la mgongo wa kila moja, kisha volti na ampia. Mwanafunzi aliyeshika multimita na kuona volti za paneli iliyolala zikishuka hahitaji tena kuhimizwa kuacha nafasi ya hewa.

Kivuli nacho kilinishangaza. Seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo, hivyo kipande cha karatasi kinachofunika seli moja tu kinaweza kuangusha theluthi nzima ya paneli, kwa kuwa daiodi ya kukwepesha umeme hulazimika kuliruka kundi zima la seli. Kuti moja la mnazi linaloning'inia ni kivuli cha kutosha. Kuhusu mwelekeo, Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli hutazama kaskazini na kuinama kidogo tu. Hata hivyo tulishauriwa tusishuke chini ya nyuzi 10 hivi, ili mvua iweze kuosha vumbi na kinyesi cha ndege.

3. Waya mwembamba hula umeme uliokwisha kulipiwa

Katika mitambo mibovu niliyokagua, waya mwembamba ni kasoro ninayoikuta mara nyingi, na mwenye nyumba hulaumu paneli. Hesabu yake ni fupi. Pampu ndogo ya volti 12 inavuta ampia 10, na iko mita 10 kutoka kwenye betri. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 20. Ukitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, unapoteza karibu volti 1.4, zaidi ya asilimia 11. Ukiweka wa milimita za mraba 6, upotevu unashuka chini ya volti 0.6. Na ukipanga mtambo wa volti 24 badala ya 12 kwa nguvu ileile, ampia zinakuwa 5, na hata ule waya wa 2.5 unapoteza chini ya asilimia 3.

Fundi anayebana matumizi kwa kununua waya mwembamba anampunguzia mteja gharama siku moja na kumtoza kila siku inayofuata. Ndiyo maana chuoni tulipima volti pande zote mbili za waya, penye betri na penye kifaa, kabla ya kazi yoyote kupokelewa. Kipimo hicho huchukua dakika mbili. Ningependa kiwe sheria kwa kila fundi.

4. Betri hufa kabla ya paneli, na mara nyingi hufa kwa kutotunzwa

Watengenezaji wengi wa paneli hutoa dhamana ya nguvu ya miaka 25. Betri ya risasi na asidi, katika joto letu, ikitunzwa vizuri hudumu miaka michache tu, na isipotunzwa haimalizi hata miwili. Betri ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Ikiwa imejaa na imepumzika husoma karibu volti 12.7, ikikaribia 12 imekwisha kutumika vya kutosha.

Sitasahau zahanati moja ya kijijini tuliyokwenda kukagua. Paneli zilikuwa nzima, zinang'aa juani. Ndani, taa za chumba cha kujifungulia hazikuwaka. Mkunga alituambia kwamba usiku hushika simu yenye tochi kwa meno ili mikono yote miwili ibaki huru kumpokea mtoto. Tulipofungua vifuniko vya betri, maji yalikuwa yameshuka chini ya sahani za risasi. Aliyezifunga alikuwa amewaambia wahudumu kwamba hazihitaji matengenezo yoyote, akaondoka. Hakuna aliyejua kwamba betri zile zilipaswa kukaguliwa kila mwezi na kuongezwa maji yaliyosafishwa, wala haidromita, kipimo cha asidi ya betri, ni kitu gani. Waliozembea hawakuwa wahudumu. Walikabidhiwa mtambo bila kukabidhiwa maarifa.

Leo betri za lithiamu zimeingia kwa wingi. Zinakubali kutumika kwa kina, hata asilimia 80 au 90, na hazihitaji maji. Ni hatua kubwa. Lakini nazo zina mfumo wake wa ulinzi, zina chaja inayozifaa na isiyozifaa, na zinapozima ghafla huhitaji mtu anayeelewa kwa nini zimezima. Teknolojia imebadilika, hitaji la mtu aliyefundishwa liko palepale.

5. Umeme wa DC uheshimiwe

Wengi wetu tulizoea umeme wa nyumbani wa AC, volti 230, tukidhani DC ya sola ni umeme mpole. Huo ni udanganyifu wa hatari. Umeme wa AC wa hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, jambo linalosaidia cheche kuzimika swichi inapofunguliwa. DC haipiti kwenye sifuri. Paneli kadhaa zikiungwa kwa mfululizo hufikisha mamia ya volti, na ukichomoa kiungio huku mzigo ukiwa umewashwa, cheche inaweza kunyooka na kuendelea kuwaka mpaka iyeyushe plastiki.

Pia paneli haina swichi ya kuzima jua. Muda wote mwanga upo, volti zipo. Kwa hiyo taratibu zetu zilikuwa kama ibada: zima mzigo kwanza, fungua breka iliyotengenezwa kwa DC, funika paneli inapobidi, pima kwa multimita, kisha ndipo uguse. Breka ya AC haikuruhusiwa upande wa paneli. Aliyepanda paani bila mkanda wa usalama aliteremshwa hata kama mtihani wake ulikuwa siku hiyo. Ninaushukuru ukali huo hadi leo.

6. Mto hupimwa kiangazi

Nyanda za Iringa na Njombe, na miteremko ya Kilimanjaro na Meru, zina vijito vinavyoweza kuwasha vijiji. Kanuni ya nguvu ya maji haina siri: zidisha 9.81 kwa ujazo wa maji kwa sekunde kwa urefu wa maporomoko, kisha toa kinachopotea kwenye bomba, tabini na jenereta. Lita 50 kwa sekunde zikianguka mita 20 zina kilowati 9.8, mtambo mdogo wenye ufanisi wa asilimia 60 utatoa karibu kilowati 6.

Tatizo ni kwamba wapimaji wengi huenda mtoni wakati wa mvua, au mara tu baada yake, barabara zikiwa zimekauka lakini mto ungali umejaa. Lita zilezile 50 zinaweza kushuka hadi 20 mwezi wa Oktoba, na kilowati 6 zikawa 2.4. Mashine ya kusaga iliyonunuliwa kwa mkopo haitazunguka. Tulijifunza kupima kijito kidogo kwa ndoo ya lita 20 na saa, na mto mkubwa kwa kitu kinachoelea: unatupa chungwa majini, unahesabu sekunde kwa umbali unaojulikana, unapima upana na kina, kisha unapunguza kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Halafu unakaa na wazee wa eneo na kuwauliza maji yalifika wapi katika ukame wanaoukumbuka. Jibu lao huingia kwenye ripoti.

Ninafurahi kuona Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu Kikuletwa, wilayani Hai, mahali penye historia ya umeme wa maji. Mwanafunzi anayesimama karibu na tabini inayozunguka husikia kwa masikio mambo ambayo mchoro hauwezi kumwambia.

7. Biogesi hudai kazi ya kila siku

Hapa nitasema kwa ufupi, kwa sababu kanuni ni chache. Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa takriban lita 30 hadi 40 za gesi. Kilo 40 kwa siku, zikichanganywa na maji kiasi kilekile, hutosha jiko moja kuwaka saa tatu au nne. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha kilichoanzishwa mwaka 1981, kimeujenga utaalamu huu kwa miaka mingi, na mitambo ya kuba la matofali iliyojengwa vizuri huishi muda mrefu.

Kinachoangusha mitambo mingi ni maji kuwa mbali, na ng'ombe kuchungwa porini. Kinyesi kikibaki malishoni, hakuna gesi. Kabla ya kuchimba shimo, uliza nani atabeba ndoo kila asubuhi. Ikiwa jibu ni mama peke yake, ambaye tayari ana kuni, maji na shamba, mtambo huo haujampunguzia mzigo. Panga bomba na zizi karibu kwanza.

8. Utafiti ni uaminifu kwa namba

Utafiti wa nishati ya jua Mlimani una mizizi mirefu. Idara ya Fizikia imefanya kazi kwa miaka mingi kwenye vifaa vya kunasa jua, kwa ushirikiano na Uppsala, Sweden. Nilipoanza kusaidia ukusanyaji wa takwimu, nilidhani mtafiti ni mtu wa vifaa vya bei kubwa. Nikakuta kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kufuta vumbi kwenye kioo cha pairanomita, kifaa cha kupima mwanga wa jua, kila asubuhi, kukagua kama kirekodi kinaandika, na kurudia.

Jua la wiki moja halimwambii mtu kitu. Unahitaji angalau mwaka mzima, upite kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Katika mwaka huo umeme utakatika, kirekodi kitazima, mjusi ataota jua juu ya kihisi. Mwalimu wetu alikuwa na msimamo mmoja: pengo liandikwe pengo. Usilijaze kwa kukisia, usilifiche kwa wastani. Mtu atakayechagua ukubwa wa mtambo wa hospitali kwa kutumia takwimu zako anaweka maisha ya wagonjwa juu ya namba zile. Nimekutana na ripoti zenye grafu nyororo mno kuwa za kweli, na nimejifunza kuamini zaidi ile yenye mapengo yaliyoelezwa.

9. Mradi hupimwa baada ya wageni kuondoka

Siku ya kuzindua, kila mtambo unawaka. Swali la haki ni kama unawaka mwaka wa tatu. Kwa uzoefu wangu, mitambo iliyodumu ilikuwa na mambo manne kwa pamoja: watu wa palepale waliofundishwa kuitunza, mfuko wa fedha za betri na vipuri uliochangiwa kidogokidogo, maelekezo ya Kiswahili yaliyobandikwa ukutani, na namba ya simu ya fundi anayepokea.

Kuhusu watu wa palepale, tusichague kwa vyeti tu. Kijana tunayemfundisha mara nyingi huchukua ujuzi akaenda mjini, na si dhambi. Mama mwenye familia na shamba kijijini ana sababu ya kubaki. Kituo cha Barefoot kule Unguja kimewafundisha wanawake wa vijijini, wengine wenye elimu ndogo ya darasani, kufunga na kukarabati sola, na wameweza. Chuo kikuu kinapaswa kuwaalika wanawake kama hao wawafundishe wanafunzi wa shahada jinsi kazi inavyofanyika kijiji kizima kikikutazama.

Ujuzi huo pia ulindwe kwa leseni. Kenya ilitunga kanuni za sola mwaka 2012 na kuwagawa mafundi katika madaraja ya T1, T2 na T3 kulingana na ukubwa wa kazi, na vyuo kama Strathmore, Nairobi, chenye mtambo wa kilowati 600 juu ya mapaa yake, vikaingia kwenye kazi ya kuwafundisha. Kwetu Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa leseni za mafundi wa umeme. Mteja ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla hajatoa hata shilingi.

Neno la mwisho

Kwa wakuu wa vyuo: kila mwanafunzi wa nishati afunge mtambo mmoja halisi, kisha arudi kuukagua baada ya mwaka, na alama zake zitokane na hali atakayoukuta nayo. Mwekeni fundi sanifu wa karakana kwenye heshima inayomstahili, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kila kifaa kinavyosema uongo na kinavyosema kweli. Tengeni fedha za betri na nyaya za mazoezi kama mnavyotenga fedha za vitabu.

Kwa mwanafunzi: usisubiri mafunzo kwa vitendo (PT) ndipo ushike bisibisi. Nunua multimita ya bei nafuu, tafuta fundi wa sola mtaani kwenu, msalimu kwa adabu na umwombe umsaidie kubeba ngazi. Pima, andika, uliza, pima tena. Kuna zahanati inayokungoja, na mkunga wake anahitaji taa itakayowaka mwaka wa tatu, wa tano na wa kumi.